Taa za LED katika Magari ya Kisasa: Faida Zake, Mipaka Yake na Wajibu wa Mmiliki wa Gari

Katika usiku usio na mbalamwezi, Ziwa Tanganyika mbele ya Ujiji, Kibirizi na Katonga huonekana kama mji mwingine uliowashwa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na karabai za mafuta ya taa. Leo wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za LED zinazotumia betri, ambazo hazitishwi na upepo wala hazihitaji kujazwa mafuta kila jioni. Teknolojia hiyo hiyo ndiyo iliyoingia barabarani. Katika kata ya Buzebazeba, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Kigoma Ujiji, gari dogo lililoagizwa kutoka Japani, daladala, bajaji na pikipiki ya abiria huweza kuonekana vikiwa na taa hizo, baadhi zikiwa zimefungwa kiwandani na nyingine zikiwa zimeongezwa na fundi baada ya chombo kununuliwa.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi. Taa ya LED iliyobuniwa pamoja na gari lenyewe ni miongoni mwa maboresho makubwa ya usalama yaliyopatikana katika karne hii. Globu ya LED iliyochomekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa ajili ya globu ya halojeni ni jambo jingine kabisa: humpa dereva hisia ya kuona vizuri huku ikimtia kiwi anayekuja mbele yake. Suala hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2023, Serikali ilipoondoa zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku lililodumu tangu miaka ya 1990. Safari ya barabara kati ya Kigoma na Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 1,200, na sehemu yake kubwa haina taa za barabarani. Huko, mwanga pekee ni ule unaobebwa na magari yenyewe.

LED ni nini

LED ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya diodi inayotoa mwanga. Globu ya zamani hutoa mwanga kwa kuchoma waya mwembamba wa tangisteni mpaka ung'ae. Globu ya halojeni ni ndugu yake aliyeboreshwa: ndani yake huwekwa gesi yenye kiasi kidogo cha iodini au bromini, ambayo hurudisha kwenye waya chembe za tangisteni zinazopotea, hivyo waya hudumu zaidi na huweza kuwa na joto kali zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika globu za aina zote mbili hugeuka kuwa joto, si mwanga.

Diodi haina waya wa kuungua. Ni kipande kidogo cha semikonda chenye matabaka mawili. Umeme unapovuka mpaka wa matabaka hayo, nishati hutoka ikiwa mwanga. Mwaka 1962 mtafiti Nick Holonyak, akiwa katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alionesha diodi ya kwanza yenye mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi baada ya hapo kulikuwa na rangi nyekundu, njano na kijani hafifu, lakini mwanga mweupe haukupatikana kwa sababu hakukuwa na diodi ya buluu yenye nguvu. Pengo hilo lilizibwa na wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Habari hiyo ya rangi ya buluu si ya kihistoria tu. Taa nyeupe ya LED iliyo kwenye gari, simu au sebuleni kwa kawaida ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa tabaka la unga unaong'aa njano. Mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio jicho hulitafsiri kuwa nyeupe. Ndiyo maana mwanga wa LED una buluu nyingi kuliko ule wa halojeni, jambo linalohusiana moja kwa moja na malalamiko ya madereva kuhusu kiwi.

Kwa kuwa diodi nyekundu ndizo zilizotangulia, magari yalianza kuzipokea upande wa nyuma, kwenye taa za breki. Taa za mbele zilisubiri mpaka mwaka 2007, gari aina ya Lexus LS 600h lilipotoka likiwa na dimu ya LED. Mwaka uliofuata Audi R8 ilipatikana ikiwa na taa za mbele ambazo kazi zake zote zilifanywa na diodi. Kutoka kwenye magari hayo ya kifahari teknolojia ilishuka kwa kasi hadi kwenye magari ya kawaida ya familia, ambayo baada ya miaka kadhaa huuzwa yakiwa yametumika na kuingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam.

Faida yake ya kwanza ni matumizi madogo ya umeme. Globu ya halojeni ya aina ya H4, iliyozoeleka katika magari mengi madogo, hutumia wati 55 kwenye dimu na wati 60 kwenye fulu. Taa ya LED hutoa mwanga wa kiwango hicho, au zaidi, kwa sehemu tu ya umeme huo. Faida ya pili haizungumzwi sana, ingawa pengine ndiyo inayookoa maisha zaidi. Globu ya waya huchukua muda kupata moto, ilhali diodi huwaka papo hapo. Katika taa za breki tofauti hiyo ni takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa dereva anayefuata nyuma kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo kwa mabasi na malori, muda huo mfupi ni sawa na zaidi ya mita nne za barabara, karibu urefu wa gari dogo zima.

Jambo moja huwashtua wanunuzi wa mara ya kwanza: wakirekodi gari kwa simu, taa zake huonekana zikipepesa. Huo si ubovu. Taa nyingi za LED hupunguzwa nguvu kwa kuwashwa na kuzimwa mara mamia kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera huinasa.

Globu mpya ndani ya taa ya zamani

Taa ya mbele ya gari ni zaidi ya globu. Ni kifaa cha kuelekeza mwanga, chenye kiakisi au lenzi iliyochongwa kwa hesabu ya milimita, na hesabu hiyo yote huanzia mahali ulipo waya wa globu. Ndani ya globu ya H4 kuna waya mbili, wa dimu na wa fulu. Chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi. Kikombe hicho ndicho kinachotengeneza ule mstari unaoonekana gari linaposimama mbele ya ukuta: chini pana mwanga, juu pana giza. Eneo la giza ndimo yalimo macho ya dereva anayekuja.

Globu ya LED ya kuchomeka haina waya. Ina diodi zilizopangwa pande mbili za ubao mwembamba, na mwanga wake hautoki kuzunguka pande zote kama utokavyo kwenye waya. Hata watengenezaji makini wanaojitahidi kuziweka diodi pale pale waya ulipokuwa hawawezi kuiga umbo lake kikamilifu katika kila taa. Zile za bei ya chini mara nyingi hazijaribu. Matokeo yake mwanga huvuja juu ya mstari, ukaangaza matawi ya miembe na nyuso za watu wanaokuja, wakati umbali wa barabara unaotakiwa kuonekana unabaki na mwanga haba.

Dereva mwenyewe ni vigumu kuligundua hilo. Globu hizo humwaga mwanga mwingi mita chache mbele ya gari, naye huona eneo jeupe lenye kung'aa akaridhika. Lakini mboni ya jicho hujifinya inapokabiliwa na mwanga mkali wa karibu, na hivyo uwezo wa kuona kilichopo mbali hupungua. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, au mwendesha baiskeli asiye na taa, hubaki katika giza lililo nyuma ya mwanga huo. Anayekuja upande wa pili naye akitiwa kiwi kwa sekunde tatu tu akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huwa amekwenda takriban mita 67 bila kuona sawasawa.

Athari hiyo haiwapati watu wote kwa kiwango sawa. Mwanga wenye buluu nyingi hutawanyika zaidi ndani ya jicho, na hali huwa mbaya kwa wazee na kwa wenye dalili za mtoto wa jicho. Mvua nazo huongeza tatizo, kwani lami yenye maji huakisi mwanga kuelekea mbele. Kwa hiyo globu zinazotangazwa kwa sifa ya kuwa na weupe wa kubluika, zenye kipimo cha Kelvini 6,000 na kuendelea, zina mvuto wa macho dukani kuliko manufaa barabarani. Halojeni ya kawaida ina takriban Kelvini 3,200, na njano yake hiyo inayodharauliwa haichoshi macho ya wengine.

Nchi zilizoendelea katika utengenezaji wa magari hazijalichukulia suala hili kirahisi. Ujerumani, kwa mfano, iliruhusu kwa mara ya kwanza mwaka 2020 globu za LED za kubadilisha halojeni, lakini ruhusa hiyo ilihusu bidhaa mahsusi na orodha ya magari na taa zilizopimwa moja baada ya nyingine. Globu ile ile iliyo halali katika gari moja si halali katika gari jingine. Funzo hapo ni kwamba hakuna globu ya LED inayoweza kusemwa kuwa inafaa magari yote, hata kama boksi lake linasema hivyo.

Tatizo jingine ni joto. Ni kweli kwamba LED haichomi upande wa mbele kama halojeni, lakini diodi yenyewe hupata joto kwa nyuma na lazima joto hilo liondolewe kwa mapezi ya aluminiamu au feni ndogo. Uimara wa maelfu kwa maelfu ya saa unaotangazwa ni wa diodi inayopozwa ipasavyo. Vumbi la kiangazi likijaa kwenye feni hiyo, globu hufifia au kufa mapema. Aidha, kwa kuwa globu hizo ni nene kwa nyuma, mafundi wengine huacha kifuniko cha mpira wazi au hukitoboa. Masika yakianza, unyevu huingia na taa hujaa mvuke ndani.

Upande wa kushoto, upande wa kulia

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na mpaka huo una uhusiano na taa kuliko wengi wanavyofahamu. Dimu si mwanga ulionyooka sawa kushoto na kulia. Katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania na Japani, mwanga wa dimu hupanda kidogo upande wa kushoto ili uangaze pembeni mwa barabara, alama na watembea kwa miguu, na hubaki chini upande wa kulia yanakotoka magari mengine. Kwa bahati nzuri, gari lililotoka Japani huja na taa zinazolingana na barabara za Tanzania.

Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Taa zilizotengenezwa kwa nchi hizo, au kwa nchi za Ulaya bara, hupandisha mwanga upande wa kulia. Gari la namna hiyo likiingia kupitia Manyovu na kuendelea kuelekea Kasulu au Kigoma, sehemu ya mwanga iliyokusudiwa kuangaza kingo za barabara huishia machoni mwa wanaokuja. Vivyo hivyo gari la Tanzania linapovuka kwenda Burundi. Baadhi ya magari ya kisasa yana swichi au menyu ya kubadilisha upande, na yasiyokuwa nayo huweza kubandikwa karatasi maalumu kwenye kioo cha taa kwa muda wa safari. Anayenunua lori lililotumika kutoka Ulaya bara hana budi kuuliza kuhusu taa, na si usukani peke yake: kuhamisha usukani kwenda kulia hakubadilishi mwanga.

Kabla ya kununua globu mpya

Mara nyingi kinachomsukuma mmiliki kununua LED ni taa ambazo hazioneshi vizuri. Chanzo cha uhafifu huo si lazima kiwe globu. Vioo vya taa za magari ya sasa ni plastiki ya polikaboneti, ambayo hupigwa na jua mpaka ikawa ya njano na yenye ukungu. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, yalionesha kwamba taa zilizochakaa kwa namna hiyo hutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kuweka globu kali nyuma ya kioo chenye ukungu huutawanya mwanga pande zote na kuongeza kiwi. Kusugua kioo kwa msasa laini wa maji, kukipiga polishi na kukipaka tabaka jipya la kuzuia jua hugharimu kidogo na mara nyingi humaliza tatizo. Polishi bila tabaka la kinga haidumu. Baada ya miezi michache unjano hurudi.

Chanzo cha pili ni waya. Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 huwa na maungio yaliyoota kutu na ethi iliyolegea, hivyo volti zinazofika kwenye globu huwa pungufu. Globu ya halojeni huathirika sana na upungufu huo: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu theluthi moja. Fundi umeme anaweza kupima kwa mita, injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zimewashwa, akilinganisha volti za betri na zile za kwenye soketi ya taa. Tofauti ikizidi nusu volti, kinachohitaji matengenezo ni waya.

Cha tatu ni mwelekeo wa taa. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari husimamishwa mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa, mita 10 kutoka ukutani. Kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini hupimwa na kuwekewa alama ukutani. Dimu ikiwashwa, kwa gari dogo mstari wa mwanga unapaswa kuwa takriban sentimita 10 chini ya alama hiyo, na kupanda kidogo upande wa kushoto. Ukiwa sawa na alama au juu yake, taa zimeinuka. Kuna skrubu za kurekebishia nyuma ya kila taa.

Hesabu hiyo hubadilika gari likipakiwa. Probox au Noah iliyojazwa magunia ya dagaa na madumu ya mawese hukaa chini nyuma na kuinua pua, na taa zake huinuka pamoja nayo. Kwa sababu hiyo magari mengi yana kitufe cha kuzungusha chenye namba 0 hadi 3 karibu na usukani, ambacho madereva wengi hawajawahi kukigusa. Kadiri mzigo wa nyuma unavyoongezeka ndivyo namba inavyopaswa kupandishwa. Magari mengi yenye taa za LED au za zenoni kutoka kiwandani hufanya kazi hiyo yenyewe kwa kutumia sensa iliyounganishwa na mhimili wa nyuma kwa kijiti chembamba. Kijiti hicho huvunjika kwa urahisi, au hufunguliwa springi zinapobadilishwa kisha kisirudishwe, na tangu hapo taa hubaki zikielekea juu bila mtu kujua sababu.

Taa zinapozungumza na kontroli boksi

Zamani swichi ya taa ilipeleka umeme moja kwa moja, au kupitia rilei, hadi kwenye globu. Katika magari ya kisasa swichi hutuma ujumbe tu. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo wa mawasiliano unaojulikana kama CAN, ambao kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja huviwezesha vifaa vingi vya gari kupeana taarifa. Kontroli boksi ya injini, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa na ya mwili wa gari zote husikilizana kupitia waya hizo. Dereva akiwasha indiketa, kontroli boksi ya mwili wa gari hupokea ombi, hupeleka umeme, kisha hupima kiasi cha umeme kinachopita ili kujua kama globu ni nzima.

Hapo ndipo LED ya kuongezwa huleta mkanganyiko. Kwa kuwa hula umeme kidogo, kontroli boksi hudhani globu imeungua. Indiketa hupepesa kwa haraka, au dashibodi huonesha onyo. Baadhi ya magari hutuma mapigo mafupi ya umeme kupima globu hata zikiwa zimezimwa. Halojeni haiyahisi, lakini LED hupepesa kila pigo linapopita. Suluhisho linalotumiwa na mafundi wengi ni kuongeza rezista ili ile umeme unaokosekana. Rezista hiyo hufanya kazi, ila hupata joto linaloweza kuyeyusha plastiki, hivyo ni lazima ifungwe kwenye chuma, mbali na waya nyingine. Ni vema pia kukumbuka kwamba akiba ya umeme iliyotafutwa kwa kununua LED huishia katika rezista hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni kukata waya wa taa ya gari ili kuunga taa za ziada zile ndefu zinazofungwa mbele au juu ya kabini. Saketi ya gari la kisasa imepimwa kwa kiasi cha umeme wa taa zake tu. Ikizidishiwa, kontroli boksi huzima saketi hiyo au huungua, na bei ya kontroli boksi haifanani na bei ya taa. Taa za ziada zinapokuwa na sababu ya kuwepo, kwa mfano kwa magari ya kazi yanayokwenda njia za porini, huvutiwa waya wake kutoka kwenye betri, zikiwa na fyuzi iliyo karibu na betri, rilei na swichi yake, na huzimwa gari linapokuwa barabarani pamoja na wengine.

Dalili ndogo inayostahili kuangaliwa ni redio. Iwapo stesheni za FM huanza kukwaruza pindi taa zinapowashwa, saketi ya globu za LED inatoa mawimbi yanayoingilia mawasiliano; ni ishara ya bidhaa isiyo na ubora.

Mashine ya kupimia gari huunganishwa kwenye soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya dashibodi. Makosa yanayosomwa huanza kwa herufi: P kwa injini na gia, C kwa breki na mifumo ya chini, B kwa mwili wa gari, U kwa mawasiliano kati ya kontroli boksi. Kosa la B au U linalojitokeza wiki moja baada ya taa kubadilishwa halipaswi kushangaza. Kulifuta kwa mashine bila kuondoa chanzo ni sawa na kung'oa alama ya hatari barabarani na kuliacha shimo. Kwa magari ya haibridi tahadhari ni kubwa zaidi: betri kuu ya Toyota Prius za miaka ya 2000 ina zaidi ya volti 200, na waya zake zina kifuniko cha rangi ya chungwa. Fundi anayetafuta njia ya kupitisha waya za taa hapaswi kuzigusa.

Sheria, ukaguzi na mafundi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo asili yake ni Sheria Na. 30 ya mwaka 1973, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri, zikiwemo taa zake. Magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini hukaguliwa chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na taa ni sehemu ya ukaguzi huo. Gari lililofaulu likiwa na taa zake za kiwandani na kubadilishwa siku iliyofuata si tena gari lile lililokaguliwa. Stika inayotolewa katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani nayo huthibitisha hali ya gari siku ya ukaguzi, wala si kibali cha mabadiliko yanayofanywa baadaye.

Kuhusu rangi, kanuni inayotambulika kimataifa, iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ni kwamba gari halipaswi kuonesha taa nyekundu kwa mbele wala taa nyeupe kwa nyuma, isipokuwa taa ya kurudi nyuma. Sababu yake ni rahisi: usiku rangi ndiyo inayomwambia dereva iwapo chombo kilicho mbele kinamjia au kinamkimbia. Bajaji au pikipiki iliyopambwa kwa mikanda ya LED nyekundu mbele na nyeupe nyuma huivuruga taarifa hiyo. Vimulimuli vya buluu na vyekundu ni vya magari ya dharura, na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani limekuwa likivikataza mara kwa mara, pamoja na ving'ora, katika magari yasiyohusika.

Kwa mafundi waliojifunza kazi kwa mikono yao, mabadiliko haya yana maana ya kujifunza upya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), yenye chuo mjini Kigoma, inao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi wa mtaani hupimwa, huzibiwa mapungufu na kupewa cheti. Umeme wa magari ni miongoni mwa fani zinazofundishwa na mamlaka hiyo nchini. Mmiliki wa gari anayempelekea fundi kazi ya taa anaweza kumuuliza maswali matatu kabla waya haujakatwa: taa hii ilitengenezwa kwa globu ya aina gani, fyuzi ya saketi yake ni ya ampea ngapi, na baada ya kazi mwelekeo wa mwanga utapimwa wapi. Globu za asili zilizotolewa zihifadhiwe kwenye gari, zikiwa zimefungwa kwa karatasi safi na bila kushikwa kioo kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huifanya halojeni ipasuke inapopata moto.